JINA LA HANDHALA: JE, UCHUNGU WA JINA HUMWINGIA MWENYE JINA?

Swali lililoletwa katika darasa yetu ni fupi kulitamka, walakini jawabu lake ni refu. Mtu amejaaliwa mtoto wa kiume, naye apenda kumwita Handhala kwa mapenzi ya Sahaba mtukufu aliyekuwa na jina hilo. Wazee wa nyumba wamekataa katakata. Wasema kuwa handhala ni kitu kichungu, na mwenye kumpa mtoto jina la uchungu siku ya saba, uchungu huo utamwandama mpaka kaburini. Baba wa mtoto hataki kuwavunjia wazee wake heshima, wala hataki kuliacha jina la mtu mwema kwa khofu ambayo asili yake haijui. Je, ni nani mwenye haki?

Twaona kuwa swali hili si la nyumba moja. Ndani yake mna swali kubwa zaidi, nalo ni hili: jina ni kitu gani kwa mtu? Je, humfanya awe vile alivyo? Au ni alama tu ya kumtambulishia, mfano wa chapa iliyo juu ya gunia, isiyozidisha wala kupunguza kilichomo ndani?

Na tuanze na neno lenyewe, kwani wengi hugombania jina na maana yake hawaijui. Handhala ni neno la Kiarabu, na herufi yake ya tatu ni dhaa, ile iliyomo katika neno dhuluma. Kwa sababu hiyo sisi wa pwani twalitamka Handhala. Waislamu wa Bara Hindi na Pakistani hulitamka Hanzala, na Waarabu wa Shamu na Misri katika mazungumzo yao husema Handala. Jina ni moja, ndimi ndizo mbali mbali. Nayo handhala ni mmea utambaao mchangani katika majangwa ya Bara Arabu na Afrika ya Kaskazini, jamaa ya mtikiti maji. Tunda lake ni la mviringo kiasi cha chungwa, kijani lenye mistari, na likiiva hugeuka manjano. Ndani mna nyama nyeupe nyepesi kama sifongo, chungu kupita kiasi. Sisi tukitaka kutaja uchungu husema, “chungu kama shubiri”. Waarabu wao husema ni chungu kama handhala. Matabibu wa kale walilitumia kwa kipimo kidogo kuwa dawa ya kuendesha tumbo, na mwenye kulila kwa wingi laweza kumwua. Walakini mmea huo huo una mzizi uzamao mbali mchangani, nao husitawi mahali ambapo mimea mingi hufa kwa kiu.

Mtu atauliza: basi Waarabu waliona nini hata wakamwita mtoto wao kwa jina la tunda kama hilo? Jawabu ni kuwa hiyo ilikuwa ada yao. Walipenda kuwapa watoto wao majina ya ukali: Harb, yaani vita, Sakhr, yaani jabali, Asad, yaani simba, Alqama, ambalo nalo ni jina la uchungu kama Handhala. Hata katika nasaba ya Mtume wetu (S.A.W.) mna babu aitwaye Murra, na maana ya neno hilo ni uchungu, na mwanawe Murra ni Kilab, neno ambalo Waarabu hulitumia kwa wingi wa mbwa. Imepokewa katika vitabu vya lugha kuwa bedui mmoja aliulizwa kwa nini wao huwapa wana wao majina mabaya na watumwa wao majina mazuri. Akajibu kuwa majina ya wana wao huwaandalia maadui zao, na majina ya watumwa wao hujiandalia wenyewe. Maana yake ni kuwa mwana ataitwa uwanjani wa vita, na adui asikiapo “Handhala” apate kutishika. Na mtumwa ataitwa nyumbani, na bwana wake apenda kusikia neno la kumfurahisha. Twaomba msomaji alikumbuke jawabu hili, kwani tutalirejea.

Sasa tuwape wazee haki yao, maana si uungwana kumjibu mtu kabla ya kuisikia hoja yake yote. Wazee wana hoja, na si ndogo. Kwanza, Mtume (S.A.W.) alipowapigia watu mifano, mnafiki asiyesoma Kur'ani alimfananisha na handhala, isiyo na harufu nzuri na ladha yake ni chungu. Pili, wafasiri wameueleza ule mti mbaya uliotajwa katika Surat Ibrahim, mti ung'olewao juu ya ardhi usio na imara, wakasema kuwa ni handhala. Tatu, imethubutu kuwa Mtume aliyabadilisha majina mabaya. Binti wa Sayyidna Umar aliyekuwa akiitwa kwa neno lenye maana ya muasi, alimwita Jamila. Naye Mtume hakulipenda jina la Harb wala la Murra, ijapokuwa Murra ni jina la babu yake. Mwenye kuyasikia haya yote atasema kuwa jambo limekwisha, na jina la Handhala halifai.

Walakini jambo halikwisha, kwani Mtume aliishi na watu walioitwa Handhala, akawapenda, akawaita kwa jina hilo, wala haikupokewa kuwa alilibadilisha. Basi yatupasa tuwatazame watu hao.

Wa kwanza ni Handhala bin Abi Sufyan. Huyu alitoka na makafiri wa Kureshi katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), akauawa akiwa upande wa wenye kuipiga vita haki. Wa pili ni Handhala bin Abi Amir, kijana wa Madina katika kabila la Aus. Usiku wa kuamkia vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), alikuwa bwana arusi. Alipousikia mwito wa jihadi alitoka mbio, hata josho hakuliwahi. Vitani akamfikia Abu Sufyan mwenyewe, akawa karibu kumwua, mara akatokea mtu mwingine akamwua yeye. Mtume akawapasha watu khabari kuwa amewaona Malaika wakimwosha. Kwa hivyo akaitwa Ghasilu-lmalaika, yaani aliyeoshwa na Malaika. Imepokewa katika sira kuwa Abu Sufyan siku hiyo alisema kuwa Handhala wa Uhud amelipwa kwa Handhala wa Badri. Akawaweka wawili hao katika mizani kana kwamba ni sawa, kwa kuwa jina ni moja. Lakini ni mbingu na ardhi! Jina lile lile, uchungu ule ule, na katika mwaka mmoja tu, mmoja amekufa akiipinga haki, na mwingine amekufa akiinusuru. Lau jina ndilo limfanyalo mtu, wangalifanana wawili hawa.

Wa tatu ni Handhala wa kabila la Tamim, mmoja katika waandishi wa Mtume. Siku moja alitoka akisema kuwa Handhala amekuwa mnafiki. Sayyidna Abubakar akamwuliza sababu yake. Akaeleza kuwa wakiwa mbele ya Mtume huwa kana kwamba waiona Pepo na Moto kwa macho, na wakirudi kwa wake na watoto na mashamba husahau mengi. Abubakar akasema kuwa hata yeye huyaona hayo katika nafsi yake. Wakaenda kwa Mtume, naye akawatuliza, akawafahamisha kuwa mwanadamu ana saa ya hili na saa ya lile. Tazama, ewe ndugu: mtu mwenye jina la tunda alilofananishwa nalo mnafiki ndiye aliyeuogopa unafiki kwa khofu kubwa kama hiyo! Na tujuavyo ni kuwa mnafiki wa kweli haogopi kuwa mnafiki.

Ukitaka hoja yenye nguvu kuliko hii, watazame watu waliomzunguka yule Handhala wa Uhud. Baba yake, Abu Amir, kabla ya Uislamu alikuwa na lakabu nzuri mno. Akiitwa ar-Rahib, yaani mcha Mungu aliyejitenga na dunia kwa ajili ya ibada. Lakabu hiyo haikumfaa. Mtume alipohamia Madina yeye aliikataa haki, akaenda kuungana na makafiri wa Makka, na siku ya Uhud alikuwa katika jeshi lao, akipigana upande ambao mwanawe alikuwa akiupiga. Mtume akamwita al-Fasiq badala ya ar-Rahib. Na baba wa mke wake Handhala ni nani? Ni Abdallah bin Ubayy. Abdallah! Jina lipendezalo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na mwenye jina hilo alikuwa kiongozi wa wanafiki wa Madina, naye siku ile ile ya Uhud alirudi njiani na watu wapatao 300, akamwacha Mtume. Basi siku moja, katika jamaa moja, mwenye lakabu ya uchaji alikuwa na makafiri, mwenye jina la utumwa wa Mungu aliikimbia vita, na mwenye jina la tunda chungu alioshwa na Malaika. Baada ya hayo ataka dalili gani mwenye kusema kuwa jina humfanya mtu?

Yuko atakayetujibu kwa kisa cha Hazn. Hazn ni babu yake Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina. Maana ya Hazn ni ardhi ya mawe, ngumu kupitika. Mtume alimtaka awe Sahl, yaani laini. Yeye akakataa kulibadilisha jina alilopewa na baba yake. Baadaye Said alisema kuwa ugumu haukuondoka katika ukoo wao. Je, hapa jina halikufanya kazi? Sisi twaona kuwa kisa hiki chatufunza lingine. Mtu aliyepewa shauri la upole na Mtume mwenyewe, akang'ang'ania la baba yake, huyo ugumu ulikuwa umo moyoni mwake kabla ya kuwamo katika jina. Jina lilikuwa kioo, moyo ndio uliokuwa uso. Na mtu huwalea wanawe kwa moyo alionao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi, je, jina ni kama upepo, halina athari yoyote? La, hatusemi hivyo. Lau lingalikuwa halina athari, Mtume asingalijitaabisha kulibadilisha hata moja. Twasema kuwa jina lina athari, walakini athari yake haitoki katika herufi wala katika nyota. Yatoka katika vinywa vya watu. Mtoto husikia jina lake mara nyingi kuliko neno lolote jingine. Akiitwa kwa neno lenye maana njema, na akaelezwa maana yake, hulichukua kuwa ni amana. Akiitwa kwa neno la kuchekesha, wenziwe chuoni humfanyia mzaha, naye hukua akijificha. Tena angalia kuwa Mtume hakubadilisha mabaya peke yake. Alilibadilisha jina la Barra, ambalo maana yake ni mwema, kwa kuchelea mtu asije akajisifu nafsi yake. Lau sababu ingalikuwa ni nuksi na mkosi, Barra lingaliachwa, maana hakuna mkosi katika wema. Sababu ilikuwa ni adabu: jina lisimfunze mtu uasi, wala lisimfunze majivuno. Mtume alilipenda neno jema na kulifurahia, akakataza kuamini mkosi. Na baina ya mawili hayo pana tofauti kubwa: mwenye kufurahia neno jema humdhania Mungu wake dhana njema, na mwenye kuogopa mkosi hukipa kiumbe uwezo ambao si wake.

Na hapa ndipo tulipo na khatari katika miji yetu. Wako watu ambao mtoto akiumwa mara mbili tatu, hulichukua jina lake na jina la mama yake kwa mnajimu, akahesabu herufi kwa abjadi: alifu moja, be mbili, jimu tatu, kisha akasema kuwa nyota ya mtoto haipatani na jina, basi libadilishwe. Baba hulipa, jina hubadilishwa, na mtoto akipona kwa rehema za Mola wake, shukrani huenda kwa mnajimu. Ilhali mtoto alihitaji daktari! Lau herufi zingaliweza kuponya au kuua, yule Handhala wa Badri na yule wa Uhud wangalikuwa na nyota moja na mwisho mmoja. Kubadilisha jina lenye maana mbovu ni jambo jema. Kulibadilisha kwa kuogopa herufi zake ni kuibadilisha itikadi.

Sasa turejee kwa yule bedui. Alisema kuwa watumwa wao waliwapa majina mazuri kwa ajili ya nafsi zao. Pwani yetu nayo iliyajua hayo. Waliokamatwa na kuletwa kwa nguvu walivuliwa majina waliyopewa na mama zao, wakapewa mengine: Mabruki, mwenye kubarikiwa, Faraji, kuondokewa na dhiki, Feruzi na Marjani, majina ya vito. Je, ilikuwapo faraja katika maisha ya huyo Faraji? Alibarikiwa nini huyo Mabruki, ambaye mwili wake haukuwa wake? Jina lilikuwa zuri kwa masikio ya bwana, na mwenye jina alibaki na dhiki yake. Hakuna dalili kubwa kuliko hii kuwa uzuri wa jina si heshima ya mtu.

Utumwa ulifutwa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Zaidi ya miaka mia imepita. Hata hivyo wako kati yetu ambao hata leo wakiletewa posa, huuliza jina la babu na la babu wa babu, wakisikia moja katika majina hayo nyuso zao hukunjamana, na kijana mwenye dini na tabia njema hurudishwa. Huu ndio uchungu, ndugu zetu! Uchungu huu hautoki katika tunda la jangwani. Watoka katika vifua vyetu. Twaogopa kumwita mtoto Handhala kwa kuwa ni chungu, na hatuogopi kumrudisha mja wa Mungu kwa jina zuri ambalo hakulichagua yeye wala babu yake. Wahenga wetu walisema, “Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo”. Basi wenye kuuhesabu uungwana kwa majina wameliacha neno la wahenga pamoja na neno la dini.

Tuseme kidogo juu ya kuenea kwa jina lenyewe. Zamani lilikuwa mashuhuri sana kwa Waarabu. Katika kabila la Tamim mlikuwa na ukoo mzima uitwao Banu Handhala, na washairi wawili wakubwa wa zama za Bani Umayya, Jarir na al-Farazdaq, ambao walitukanana kwa mashairi muda wa miaka mingi, wote wawili walitoka humo. Siku hizi kwa Waarabu si jina la kawaida, lakini wako Waislamu wa Pakistani wawapao watoto wao jina hilo kwa kumkumbuka Sahaba wa Uhud. Pwani yetu ni adimu, na sababu yake ni ada yetu wenyewe: mtoto wa kwanza huitwa kwa babu yake, na majina yale yale, Said na Ahmed na Salim, huzunguka ndani ya nyumba kama mwezi katika mbingu. Jina lisilokuwamo tangu awali halipati mlango wa kuingilia.

Katika zama zetu jina hilo limevuma tena kwa njia nyingine. Mwaka 1969, mchoraji wa Kipalestina, Naji al-Ali, aliyetolewa kijijini kwao angali mtoto mwaka 1948, alianza kumchora katika gazeti la Kuwait kijana wa miaka kumi, miguu mitupu, nguo zenye viraka, akamwita Handhala, kwa jina la mmea ule chungu. Tangu mwaka 1973 akamchora akiwapa watu mgongo, mikono ameifunga nyuma. Mchoraji alipigwa risasi mjini London mwezi wa Julai 1987, akafa mwezi wa Agosti, na yule kijana wa karatasi hakufa; angali akichorwa kutani na kuvaliwa shingoni mahali pengi duniani. Neno lililokuwa jina la uchungu limekuwa jina la mwenye kusubiri juu ya uchungu. Hivyo ndivyo majina yaendavyo: watu huyajaza, nao huyamwaga.

Basi jawabu letu kwa aliyeuliza ni hili. Kumchagulia mtoto jina jema ni haki ya mtoto juu ya baba yake, na aliyepata la Abdallah au la Abdurrahman amepata lililo bora. Mwenye kutaka kumwita mwanawe Handhala kwa mapenzi ya Sahaba hana makosa, kwani jina alilolisikia Mtume kwa mtu wake mpenzi, akaliacha, sisi hatuna ruhusa ya kulitia mkosi. Walakini na amweleze mtoto kisa chake angali mdogo, asije akaelezwa maana ya tunda na wenye mzaha kabla ya kuelezwa khabari ya Malaika. Na kabla ya kulichagua jina lolote aulize kwa wenye ujuzi wa Kiarabu, maana herufi za Kizungu huchanganya: Asiya, mke wa Firauni, ni jina la mwanamke mwema, na lile alilolibadilisha Mtume, lenye herufi ya aini na ya swadi, ni muasi, yote mawili twayaandika sawa.

Na kwa wazee wetu twasema kwa heshima: khofu yenu imetoka katika mapenzi, nasi twayajua mapenzi hayo. Lakini mkitaka mtoto asiwe mchungu, msilishughulikie jina lake peke yake. Shughulikieni atakalolisikia baada ya jina: akiitwa, ni kwa amri njema au kwa matusi, akikosa, hufunzwa au hutukanwa, akija mgeni mwenye jina lisilowapendeza, yeye amwona babu yake akimpa mkono au akimpa kisogo. Jina hutolewa siku ya saba, likaisha. Hayo mengine mtoto hupewa kila siku, nasi ndio tutakaoulizwa juu yake.